Magoti ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo nimewasikia. Wakubwa mmeitika kwa pua. Sogeeni basi, maana hadithi ya leo inawahusu nyinyi kuliko hao watoto, na kicheko chake ni kichache.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto mbugani. Masika ulijaa, kiangazi ulikauka. Ukikauka, kilichobaki ni bwawa moja lenye kina. Wanyama wa ng'ambo hii walilitaka. Wanyama wa ng'ambo ile walilitaka. Walipigana, wakauana, maji yakawa mekundu, asiweze kuyanywa huyu wala yule. Ndipo wakasema, tusiuane tena, tucheze.

Mchezo ulikuwa hivi. Walichuma tunda la mwegea, lile refu, zito, lenye ncha huku na huku. Kila upande ulichora mstari wake mchangani. Ukilifikisha tunda nyuma ya mstari wa wenzako, umepata. Walicheza mara tatu kila mwanzo wa kiangazi, na aliyeshinda mara mbili alikunywa bwawani mpaka mvua. Aliyeshindwa alichimba mchanga kwa kwato, akanywa alichokipata.

Mkubwa wa ng'ambo hii alikuwa Nyati. Kiboko alisimama mbele na kusukuma. Nyani alilirusha tunda, Twiga akalidaka. Lakini wa kulibeba katikati ya miili yote ile, kupita chini kwa chini, alikuwa Ngiri.

Mnamjua Ngiri. Hana sura ya kupelekea posa. Kichwa kikubwa, miguu mifupi, mkia juu. Lakini mpe tunda. Alilibana kwa meno yake yaliyopinda, akainamisha kichwa, akaingia. Gidi gidi gidi. Huyu anamgonga, puh. Yule anamgonga, puh. Anaanguka kwa magoti, anainuka, gidi gidi gidi. Vumbi likitulia, yuko nyuma ya mstari na mkia umesimama. Wanyama wa ng'ambo hii walimtungia wimbo:

Mpe Ngiri, mpe Ngiri,
njia hakuna, ataipasua.

Imbeni nanyi. Vizuri. Yeye aliusikia wimbo huo na akaupenda, nisiwafiche.

Ngiri alikuwa na mke, Mama Kijino, na watoto watatu. Zamani walikuwa wanne. Ngiri hachimbi nyumba, hulala katika shimo alilolichimba Muhanga, yule mchimbaji mwenye makucha, na shimo lao lilikuwa bondeni. Masika moja maji yaliingia. Wakamtoa huyu, wakamtoa huyu, wakamtoa huyu, wa nne wakamkosa. Tangu siku ile Ngiri alitaka kitu kimoja tu duniani, shimo la kilimani. Lakini mashimo ya kilimani Muhanga aliyachimba kwa amri ya baraza, na baraza ndilo lililoyagawa.

Mtauliza, mbona hakuomba? Aliomba. Nyati akamjibu kwa upole.

"Mwanangu, ada ni ada. Mchezaji miaka mitatu hula makombo na hulala anapolala. Mwaka wa nne anasema anachotaka, baraza linampa. Nyani alingoja. Kiboko alingoja. Nawe ngoja."

Hakusema uongo. Ada ilikuwa moja kwa wote. Lakini tegeni masikio hapa. Nyani hurusha kwa mkono, na hurusha mpaka mvi zimemwota. Kiboko husukuma mpaka anakuwa babu. Mkimbiaji hukimbia miaka mitatu, minne akijaliwa, kisha basi. Ukimwambia Nyani angoje miaka mitatu, umemwambia angoje asubuhi ipite. Ukimwambia mkimbiaji angoje miaka mitatu, umemwambia angoje siku yake nzima. Neno ni lile lile, ila mmoja linamchelewesha na mwingine linammaliza.

Ngiri akangoja. "Mchumia juani hulia kivulini," alimwambia mkewe. Mama Kijino akayatazama magoti ya mumewe.

Maana Ngiri hula amepiga magoti, ndivyo alivyoumbwa. Mwaka wa kwanza alipiga magoti akala, akainuka. Mwaka wa pili alipiga magoti akala, akainuka kwa kuguna. Mwaka wa tatu alikaa chini muda mrefu kwa sababu kuinuka kulikuwa shida, na Mama Kijino akawa anamng'olea majani pembeni wenzao wasione. Nyati alipita akamwona vile, magoti chini, kichwa chini, akafurahi sana.

"Oneni shukrani ya yule," aliwaambia wenzake. "Anakula makombo, na bado anapiga magoti."

Mwaka wa nne ukafika. Ngiri akaenda barazani.

"Nimekuja kwa ada," akasema. "Nataka shimo la kilimani. Sitaki kingine."

"Haki yako," Nyati akasema. "Ila kwanza Nyumbu akupime."

"Nyani alipimwa?"

"Nyani ni mrushaji."

Nyumbu ndiye aliyekuwa akiwachagua wachezaji. Akalishika goti la kulia, akalikunja. Kwaru. Akalikunja la kushoto. Kwaru.

"Haya yamekwisha, mzee," akamwambia Nyati.

"Nilikuja nayo mazima," Ngiri akasema. "Yamekwishia wapi?"

Nyati hakuwa mnyama mbaya, na ndiyo maana alikohoa kabla ya kusema.

"Mwanangu, nisikilize. Mashimo ni machache. Tukimpa anayekwenda, anayekuja tutampa nini? Tena tuseme kweli. Njia anaifungua Kiboko. Wa kupita humo anaweza kuwa yeyote. Mrushaji kama Nyani hatumpati tena, lakini wakimbiaji wamejaa vichakani."

"Basi katafuteni huko vichakani," Ngiri akasema, akarudi kwake bondeni.

Wanyama wakapiga domo. Ngiri ameota mapembe. Ngiri amelewa sifa. Wale wale walioimba juzi ndio waliosema leo, na kinywa hakiwaumi.

Wakamtafuta Pongo, kijana mwenye madoa meupe ubavuni na miguu isiyojua maumivu. Mchezo wa kwanza Kiboko alisukuma vizuri, mlango ukafunguka mpana, hata bibi yangu angepita na kikapu chake. Pongo akapita, gidi gidi gidi. Ng'ambo hii wakashinda. Wimbo ukasikika mpaka bondeni: mpe Pongo, mpe Pongo, njia hakuna, ataipasua.

Kijino alikuwa amelala ubavuni kwa baba yake. "Baba," akauliza, "kumbe ule wimbo si wako?"

Magoti yalikuwa yamemuuma Ngiri miaka miwili. Siku ile kiliuma kitu kingine, na hicho hakikuwa na mahali pa kushika.

Mchezo wa pili ng'ambo ile walikuwa wameshajifunza. Walimtanguliza Tembo, akamwangusha Kiboko chali. Mlango ukafungwa. Pongo akaenda, puh, akarudishwa. Akaenda tena, puh. Wakashindwa. Sasa huku mara moja, kule mara moja.

Nyati akashuka bondeni mwenyewe, mara ya kwanza tangu amjue Ngiri. Akaona alama ya maji kwenye ukuta wa shimo, juu kuliko kichwa cha mtoto. Akaitazama sana.

"Cheza mara moja tu," akasema. "Tukishinda, shimo la kilimani lako."

"Ni ahadi?"

"Ahadi ni deni, mwanangu."

Alipoondoka, Mama Kijino akamshika mumewe. "Baba Kijino, usiende."

"Nisipoenda tunabaki hapa."

"Ukienda hutarudi na miguu."

"Mtakuwa na nyumba," Ngiri akasema.

Akaenda. Mchezo wa tatu ulichezwa tangu jua la asubuhi mpaka kivuli kikalala upande wa pili. Nyani akarusha, upepo ukachukua. Pongo akakimbia, akarudishwa. Bado kidogo wamalize. Tembo akamwangusha Kiboko tena, safari hii kwenye mstari wenyewe. Mlango hakuna, njia hakuna, ni miili tu. Nyani akampa Ngiri tunda.

Nyumbu husema kwamba wakimbiaji wote ni sawa. Mlango ukiwa wazi, kweli ni sawa. Siku ile mlango haukuwepo. Ngiri akainamisha kichwa, akaona uwazi mdogo chini ya tumbo la Tembo, uwazi ambao mwingine hakuuona, akaingia. Gidi gidi. Puh. Gidi. Puh. Kisha ka. Uwanja mzima ulisikia ile ka. Goti la kulia lilikuwa limekatika. Ngiri akalala kifudifudi, tunda lingali menoni, akajivuta kwa kifua. Akajivuta, akajivuta, akavuka mstari.

Wakashinda bwawa. Wakambeba Nyani juu juu, maana Nyani ni mwepesi kubebeka.

Pongo ndiye aliyemsindikiza Ngiri nyumbani, bega kwa bega, hatua moja na kupumzika. "Kaka," akasema, "pale mimi nisingepita."

"Huu ni mwaka wako wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Basi omba sasa," Ngiri akamwambia. "Omba magoti yakiwa bado yako."

Kiangazi kikaenda. Ng'ambo hii walikunywa, wakaoga, wakanenepa. Mama Kijino akapanda barazani kuulizia shimo. Akaambiwa Muhanga ana kazi nyingi. Akapanda tena. Akaambiwa baraza halijakaa. Akapanda mara ya tatu, na njiani akaliona kwa macho yake. Shimo limechimbwa, kavu, pana, mlango wake unatazama jua.

"Ni lile?" akamuuliza Nyati.

"Ndilo. Lakini Nyumbu anasema tulitunze kwanza. Mwakani huenda akatokea mkimbiaji wa ajabu. Tutamvuta kwa nini?"

"Kwa hiyo mmetunyima."

"Hatujawanyima, binti yangu. Tunangoja."

Akashuka akamwambia mumewe. Ngiri alikuwa amelala kwenye nyasi za mlangoni, maana hata kuingia shimoni hakuweza tena. Ngiri huingia nyumbani kinyumenyume, uso nje, na kazi hiyo yataka magoti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama lile shimo lina upana wa kuwatosha wote. Mama Kijino akasema linatosha. Ngiri akafurahi kidogo.

Mvua ikaja alasiri moja, mapema kuliko miaka mingine. Mawingu hayakuwa na radi, yalifunguka tu. Mto ukapanda, ukaingia bondeni kwa haraka.

"Wachukue watoto," Ngiri akasema. "Nendeni lile shimo lililo wazi."

"Ni la baraza."

"Ni langu. Atakayekuuliza mwambie ni langu."

"Na wewe?"

"Nitafuata."

Mama Kijino alijua. Ngiri naye alijua kwamba amejua. Hawakuambiana zaidi ya hapo, kwa sababu watoto walikuwa wanasikiliza. Akamlamba usoni, akageuka, akapanda. Ngiri akaitazama mikia ikipanda kilima katika mvua, mmoja mkubwa na mitatu midogo. Akaihesabu. Akaihesabu tena mpaka nyasi zikaificha. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, na yalikuwa baridi, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kile goti halikumuuma.

Mnalia? Lieni. Nami nilipohadithiwa nililia.

Maji yalipopungua, wanyama wote walipanda kilimani. Nyati alilia machozi ya kweli, nisimsingizie. Akasimama mbele ya shimo akatangaza kwamba uwanja kuanzia leo utaitwa Uwanja wa Ngiri, na kwamba ng'ambo hii haijapata kuwa na mkimbiaji kama yule, wala haitapata.

Mama Kijino alikuwa ndani, uso mlangoni, watoto nyuma yake.

"Mzee," akasema, "shimo hili lilikuwa tupu. Kiangazi kizima lilikuwa tupu. Jina mmelileta siku moja."

Nyati akainamisha pembe zake.

Pongo akatoka katikati yao. Alikuwa amelibeba tunda la mwegea. Akaliweka chini mbele ya baraza, akasema, "Mzee, nami naomba changu leo. Nipimeni leo."

Nyati akamtazama kwa huruma. "Ada ni miaka mitatu, mwanangu," akasema.

Pongo akageuka nyuma. Vichakani walikuwa wamesimama vijana sita, wenye miguu mizima, macho yao kwenye lile tunda, kila mmoja akingoja aliache. Pongo akawatazama muda mrefu. Kisha akainama, akaliokota.

Funzo lake, wakubwa, ni hili. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda mpe haki yake angali na nguvu za kuifaidi. Usimngoje achakae ndipo umpime. Kwamba wako wengi wa kushika nafasi ya mtu, hilo haliligeuzi jasho lake kuwa maji ya mvua. Na sifa za kaburini hazimsitiri aliyenyimwa paa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Leo sikuwaletea tamu, niliyokuwa nayo ni hii.