Fuko na Mkia Mweupe wa Ardhini

Nimetoka shambani mgongo unaniuma, maharage hayajachambuliwa, na nyinyi mnataka hadithi. Hadithi inaivisha chungu? Haya, kaeni, lakini mikono ifanye kazi huku masikio yakisikiliza. Nawe Nyamizi, niliyekukuta asubuhi ukifukua mtama wangu eti uone kama umeota, njoo kaa hapa mbele. Hii ni yako.

Zamani, kabla watu hawajajua jembe, Fuko hakuwa huyu anayetuachia vilima vya udongo katikati ya viazi. Alikaa juu ya ardhi kama wenzake, na macho yake yalikuwa makubwa kuliko ya mnyama yeyote. Simba akijinyanyua kwenye nyasi kule mbali, Fuko ameshasema. Wenzake wakamwamini, na kule kuaminiwa kukamharibu. Akawa na neno lake: "Nimeona mwenyewe." Akishalitamka, ubishi umekwisha. Na kila ambacho hakukiona alikiita uongo.

Kikaja kiangazi. Si hiki chenu cha kulalamikia, ni kiangazi cha kuzika. Wanyama wakala majani, wakala magome, kisha wakaanza kutazamana. Njaa imefika pale mama anapoogopa kumtuma mtoto kwa jirani.

Hapo ndipo bibi kizee Mhanga, yule mchimba vichuguu, alipotoka shimoni na kibuyu cha mtama. Mate yakawatoka. Bibi akakikalia kibuyu chake.

"Mkiila mbegu hii, itawafikisha kesho," akasema. "Mkiifukia, huenda ikawafikisha mwakani."

Kufukia chakula! Nani alikuwa amesikia? Kilichokuwa kikifukiwa siku zile ni maiti.

"Una hakika, bibi?" akauliza mama Ngiri, ambaye watoto wake mbavu zilikuwa zinahesabika.

"Sina. Mama yangu aliniambia, naye aliambiwa na mama yake. Ninachojua ni kwamba ndani ya kibuyu haijawahi kuota."

Fuko akacheka. "Yaani tulale njaa kwa jambo ambalo hata wewe hujaliona?"

"Ndiyo, baba."

"Na tukifa je?"

"Tutakuwa tumekufa. Kwani ulikuwa na mpango gani mwingine?"

Basi wakaifukia kwenye vumbi, kama tunavyopanda sisi, mbinguni hakuna hata wingu la kudanganyia. Bibi akawapa mwiko mmoja: mbegu ikishafunikwa haichunguliwi. Asikanyage mtu humo mpaka itoke yenyewe.

Mvua ikanyesha kidogo, ikakata. Wakakaa ukingoni mwa shamba wakiukodolea udongo macho. Udongo ukabaki udongo. Kitinda mimba wa mama Ngiri akaacha kulia, na huko kunyamaza kukawatisha kuliko kilio. Bibi Mhanga akaenda mbali kuwatafutia mchwa wa kutafuna, walau watoto wapate cha kumeza.

Mchana mmoja, jua limewaangusha wote vivulini, Fuko akashindwa kuvumilia. Akaingia shambani akafukua.

Akaikuta mbegu imepasuka tumbo. Pale kwenye mpasuko palitokeza kitu cheupe, chembamba, kibichi, kama mkia wa funza, kimeelekea chini. Nywele zikamsimama. Akafukua nyingine, nayo ni vilevile. Akafukua nyingine tena. Mikia yote imeelekea chini, kama kwamba kuna kitu huko kinaivuta.

Akatoka mbio akipiga ukunga. "Kuna kitu ardhini! Kina mkia mweupe! Kimeingia katika mbegu zote, kinazila kutoka ndani!"

"Umeona?" mama Ngiri akauliza.

"Nimeona mwenyewe!"

Wala hakusema uongo, na hilo ndilo la kuogopa. Mwongo tungemcharaza tukalala usingizi wetu. Huyu alikuwa ameona kweli. Mkia ulikuwapo, mweupe, vilevile alivyosema. Jicho lilimpa kitu, jina akalitunga mwenyewe kwa woga wake.

Hofu ikawashika wote. Kina mama wakawanyanyua watoto juu ya mawe. Mmoja akasema amesikia udongo ukitikisika chini ya malazi yake, mwingine amesikia kitu kikitafuna, na hadi jua linapinda, hakuna ambaye hajasikia kutafuna. Kikimaliza mbegu, wakasema, kitapanda juu kwa wanaolala chini. Wakavamia shamba. Wakafukua mbegu zote walizoziona, wakazimwaga kwenye mwamba wa moto ili kile kitu kife kwa jua. Na kikafa. Ile mikia ikanywea, ikawa ya kahawia, ikakauka. Wakacheza ngoma.

Bibi Mhanga alirudi akawakuta bado wanacheza. Akautazama mwamba. Akaokota mbegu moja akaiweka kiganjani.

"Huu ulikuwa mguu wa mtama," akasema. "Ulikuwa unashuka kutafuta maji. Mtama huanza na mguu, ndipo utoe mkono wa kijani juu."

Ngoma ikakatika. Mama Ngiri akamtazama mwanawe, kisha akamtazama Fuko, na hakuondoa macho. Yule mtoto hakuliona jua la pili.

Walitaka kumuua Fuko. Bibi akawazuia, wala msidhani ni huruma. Alisema katika pupa ile lazima mbegu chache zimeangukia kwenye nyufa, ndani sana, na mchwa watazimaliza. Mmoja akae huko chini azilinde. Akae gizani, asizifukue, asizitoe juani.

Wote wakamgeukia mmoja.

"Nitajuaje kama zimeota?" Fuko akauliza.

"Hutajua."

"Na zikifa?"

"Hutajua vilevile. Utakaa."

Akashuka. Udongo ukamwingia machoni, akafikicha, ukazidi. Akasikia mvua. Baadaye sana akasikia kelele nyingi juu yake, wenzake wanapaza sauti, asijue kama ni vigelegele au ni msiba.

Kuanzia msimu ule, sisi wa huku tukishapanda kwenye vumbi tunalaza tawi la miiba njiani, na haingii mtu shambani mpaka kijani kionekane chenyewe. Naye Fuko na kizazi chake ni wa chini, wa gizani, vilima vyao mnavikanyaga kila siku.

Juu alitoka siku moja tu. Mtama ulikuwa umempita mama Ngiri kwa urefu, unachakarika kwa upepo mbele ya pua yake. Macho yalikuwa yamekwisha, ngozi imefunika mahali pake. Akageuza uso huku, akageuza kule.

"Umeota?" akauliza.

"Umeota," akajibu mama Ngiri.

"Kweli?"

Mama Ngiri hakurudia. Fuko akanyoosha mkono auguse, akaogopa kuuua, akaurudisha. Akarudi chini na lile neno moja la mama aliyefiwa kwa sababu yake, na hana jicho la kulipimia.