Mwanamke Aliyesamehewa Mfereji

Huko milimani Upare aliishi mwanamke aliyeitwa Nakiete, na nyumbani mwake alikuwa na mama yake mzazi. Mama huyo miguu ilikuwa imemwisha nguvu, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Alimpenda binti yake, na binti alimpenda. Nawaambia hili mapema ili msihangaike kumtafuta mtu mbaya katika habari hii, hayumo.

Kila Jumamosi watu wa kijiji kile hutoka na majembe kuzibua mfereji unaoleta maji mashambani. Kazi hiyo wanaiita msaragambo, na kila nyumba hutoa mtu mmoja. Asiyetoka huitwa mbele ya wazee ajieleze. Ni kazi ya jasho, lakini tusidanganyane, ni kazi ya maneno pia. Hapo ndipo watu hutaniana, hapo husikia nani anaposa na nani amenuniwa, na wakimaliza hula makande pamoja.

Mama yake Nakiete alipoacha kutembea, wazee wa mfereji walikaa wakamhurumia binti. Wakasema ana mzazi kitandani, basi asamehewe mfereji. Walimpelekea habari hiyo wenyewe, naye akawashukuru kwa moyo wote. Wakarudi makwao wameridhika na wema wao.

Basi Nakiete akakaa nyumbani. Alimwogesha mama, akamgeuza, akampikia uji, akamsikiliza akisimulia habari ileile ya ng'ombe wa mahari aliyetoroka na kurudi kwao. Mwanzoni alicheka kila mara. Baadaye akawa anaitikia "ndiyo" kabla ng'ombe hajatoroka. Wiki ilikwisha ikaanza nyingine, na Jumamosi ikafanana na Jumatatu. Asubuhi moja mama alimwaga uji kwenye shuka, na Nakiete akamshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyopasa. Mama akaguna kwa maumivu. Nakiete akatoka nje akalia nyuma ya jiko, kwa sababu alijua kinachomponyoka ni upendo wenyewe, na aliogopa mama yake asije akafia mikononi mwa mtu aliyemchoka.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Jirani yake, mjane aitwaye Nasemba, alikuja kuomba kaa la moto, akamkuta katika hali hiyo. Nasemba mgongo haukumruhusu tena kushika jembe, na wazee walikuwa wakimsumbua kwa sababu nyumba yake haikuwa na mtu mwingine wa kutoka. Hakuuliza mengi. Alishuka hadi mferejini akawaambia wazee kwamba atakaa na yule bibi, mama yake Nakiete, kila Jumamosi, na kule kukaa kwake kuhesabiwe kuwa jembe lake. Mzee mmoja akauliza tangu lini kukaa kitako kumekuwa kazi. Nasemba akamkaribisha aende akajaribu, amwogeshe bibi na kumgeuza mpaka jioni. Wakakubali haraka.

Aliyekataa ni Nakiete. Alisema watu watasema amemtelekeza mzazi wake. Alisema mama hawezi kukubali kuogeshwa na mkono wa mwingine. Yote hayo alimsemea mama, na mama mwenyewe hakuwahi kuulizwa. Ndipo sauti ikatoka kitandani:

"Nenda, mwanangu. Siku nyingi hujanipa nafasi ya kukukumbuka."

Akaenda. Alichimba vibaya, maana mikono ilikuwa imelainika, wenzake wakamcheka na yeye akacheka. Huko nyumbani bibi alimsimulia Nasemba habari ya ng'ombe wa mahari, na Nasemba, ambaye hakuwa ameisikia, akaacha kila kitu ili ajue ng'ombe yule aliishia wapi. Nakiete aliporudi jioni, mama alimnyooshea mikono yote miwili kama mtu anayepokea msafiri, akataka habari za kijiji kizima. Nakiete akaketi kitandani akasimulia mpaka uji ukapoa, kisha akamnywesha polepole, na hakuna tone lililomwagika, na hata lingemwagika asingejali.

Tangu hapo, kila Jumamosi na Jumapili, nyumba moja kwa zamu hutoa mtu wa kukaa na bibi, na kukaa huko huhesabiwa sawa na kushika jembe mferejini. Jumapili Nakiete huenda kanisani bila kukimbia kurudi.

Basi ninyi mnaomwambia jirani mwenye mzazi kitandani, "Wewe usije, tumekusamehe," kisha mkashika majembe yenu mkaenda zenu mkicheka: mmempunguzia mzigo, au mmemfungia ndani pamoja nao?