Nani Achote Maji ya Nakiru

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni Akuwam, binti wa pili wa Nakiru, mwezi wa Agosti mwaka 1997, siku ukoo ulipokutana kumnyoa mtoto wake nywele za kwanza. Aliisimulia akiwa amesimama, hakuketi mpaka alipomaliza. Tangu siku hiyo wapo walioipunguza na wapo walioitia chumvi. Hapa imewekwa kama alivyoisema yeye.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana waliolia wakati ule bado wanakumbuka walilia wapi, palikuwa na kisima kiitwacho Naporoto. Kisima kilikuwa katikati ya watu wa mlimani na watu wa bondeni. Watu wa mlimani walisema ni chao. Watu wa bondeni walisema ni chao. Wakapigana miaka, wakazika miaka, mpaka alipokuja Askofu Anselmi.

Askofu Anselmi hakuwa wa mlimani wala wa bondeni. Hakuanza na mahubiri. Alizunguka miaka miwili akiwauliza wazee swali moja tu: "Babu zenu walipatana vipi?"

Wazee wakamwambia. Kila mwaka, kiangazi kinapoanza, kisima hakifunguliwi mpaka mtu asiye wa upande wowote anywe kwanza, watu wote wakimtazama. Na mtu huyo ana masharti matatu. Aje kwa miguu kutoka kwenye kona ya njia, watu wakimwona. Pasiwe na silaha mahali jicho linapofika. Na aulizwe mara tatu, "Kigoda chako kiko wapi?" naye ajibu mara tatu, "Kiko hapa, na msimu wote kitakuwa hapa." Kwa sababu anayekunywa kwanza ndiye atakayeitwa ugomvi ukizuka. Anayeondoka kesho hawezi kunywa leo.

Askofu akasema, "Basi nitakunywa mimi." Akanywa mwaka ule, akanywa uliofuata, akanywa miaka ishirini na miwili. Katika miaka hiyo hapakuzikwa mtu kwa ajili ya Naporoto.

Kisha akafikisha miaka sabini na mitano. Sheria ya kanisa lake inataka askofu wa umri huo aandike barua ya kung'atuka. Akaandika. Majibu yakaja kutoka ofisi ya wakubwa wake: amekubaliwa, ahamie nyumba ya mapadri wazee katika mji mkuu kabla ya mwezi kwisha, na mambo ya visima na mila yaachwe kwa kuwa si kazi ya kanisa. Barua ilikuwa na mistari minne.

Watu watatu walikasirika kuliko Wakatoliki wenyewe. Wa kwanza ni Sheikh Abdinoor, imamu wa msikiti wa pale mjini, aliyekuwa na duka na gari bovu. Wa pili ni Mchungaji Ezra, wa kanisa la mabati kando ya soko. Wa tatu ni Mzee Lokeris wa mlimani, ambaye hakuwahi kuingia msikitini wala kanisani, na ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza lile swali la kigoda. Walikutana dukani kwa Sheikh.

"Miaka ishirini na miwili, mistari minne," akasema Sheikh. "Mimi nikimfukuza mdokozi hapa dukani huwa namwambia maneno mengi kuliko hayo."

"Na tutakaoumia ni sisi tusiopokea hata komunyo yake," akasema Mchungaji.

"Waandikieni hao wakubwa," akasema Mzee Lokeris. "Nyinyi mnajua kuandika."

Wakaandika. Waislamu wakatia sahihi, Waprotestanti wakatia sahihi, wazee wa mlimani na wa bondeni wakabonyeza dole gumba. Barua ikaenda. Hakuna aliyejibu, hata kwa mstari mmoja.

"Basi kisima ndicho kitakachowajibu," akasema Mzee Lokeris. "Mwaka huu anywe tena. Wasikie huko waliko kwamba bado anakunywa."

"Nitamleta kwa gari langu mpaka kwenye kona," akasema Sheikh. "Kutoka pale atembee."

"Gari lako," akasema Mchungaji, "husimama njiani mara tano kwa siku kama mwenyewe."

Wakacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho katika hadithi hii.

Sasa Nakiru. Nakiru alikuwa wa bondeni, mke wa Ekai. Ekai ndiye aliyesimama mbele ya ng'ombe wa bondeni kila mwaka, fimbo mkononi, kuwazuia wasikimbilie maji kabla ya ishara. Ng'ombe wenye kiu ya siku tatu hawazuiliwi na ua wala kamba. Huzuiliwa na mtu wanayemjua. Ekai aliwajua kwa majina, nao waliijua sauti yake.

Siku ya kufungua kisima Nakiru alikuwa juu ya korongo pamoja na wanawake wengine. Kwanza akaona vumbi. Akaona gari likipita kona bila kusimama, likaja mpaka kwenye birika la kunyweshea mifugo, Askofu akateremka akishikilia mlango. Wanawake wakatazamana. Kisha akamwona Mzee Lokeris akichukua kibuyu, akakijaza maji, akampa Askofu mkononi. Hakumwuliza kitu.

"Mbona hakuulizwa kigoda?" akauliza mwanamke mmoja.

Chini kule wanaume wa bondeni walikuwa wakiuliza vivyo hivyo, kwa sauti ya juu zaidi. Wa mlimani wakawajibu wanyamaze. Katika kujibizana huko mtu mmoja akanyoosha kidole kwenye mawe ya upande wa pili. Nyuma ya mawe walikuwa wanaume wanne wenye bunduki. Watu wakapiga yowe, wakatawanyika, na ng'ombe mia nne wakashtuka. Wakakimbilia walikokuwa wakisikia harufu ya maji tangu asubuhi. Ekai alikuwa katikati yao na maji. Aliwaita kwa majina. Nakiru alimsikia akiita, jina baada ya jina, mpaka alipoacha kusikika.

Walimzika jioni ile ile, kando ya lango la miiba la nyumba yake.

Watu wa bondeni wana desturi yao juu ya kifo kisichokusudiwa. Mwenye kosa huja kukaa nje ya lango la miiba la mjane, na humchotea maji ya mifugo yake mpaka mvua irudi. Halali kwingine, hasafiri, haitwi kwingine. Mvua ikirudi, damu imekwisha, na hakuna anayeitaja tena. Lakini lazima awe mtu mmoja, na lazima mjane amtaje kwa kinywa chake kabla ya siku ya tatu kuisha. Asipomtaja mtu, kifo kinahesabiwa ni cha vita, na ndugu za marehemu huenda mlimani na bunduki.

Ndugu wa marehemu alikuwa Lomeyan. Alikaa siku mbili karibu na nyumba ya Nakiru akisafisha bunduki iliyokuwa safi.

"Shemeji," akasema, "nyamaza tu. Mimi nitamaliza."

"Nikinyamaza, watazikwa wangapi?" akauliza Nakiru.

"Wa kwao au wa kwetu?"

Nakiru akaingia ndani.

Siku ya tatu gari la Sheikh likaja, likaachwa mbali, na watu wanne wakaja kwa miguu mpaka lango la miiba. Nakiru akatoka. Hakuwakaribisha ndani, hakuwapa hata maji. Akuwam, wakati huo msichana, alisimama nyuma ya mama yake na kusikia yote.

Sheikh Abdinoor akasema, "Mama Akuwam, kosa ni langu. Tulikubaliana Askofu atembee kutoka kwenye kona. Tulipofika pale nikamwona goti limevimba kama chungu, mzee anatetemeka. Sikusimama. Nililivunja sharti la miguu, na watu wenu walipoona gari ndipo mioyo ilipoanza kuchafuka. Mimi ndiye niliyeanza. Nitaje mimi."

Mchungaji Ezra akasema, "Mama, kosa ni langu. Nilisikia fununu kwamba kuna vijana wanataka kuvuruga. Nikaomba askari wa akiba wanne, nikawaficha nyuma ya mawe. Sikumwambia mtu, hata hawa. Nilimhubiri Mungu wa amani miaka yote, na siku yenyewe nikaamini bunduki. Kama si bunduki, ng'ombe wasingeshtuka. Nitaje mimi."

Mzee Lokeris akasema, "Mke wa Ekai, hawa wawili hawakuijua desturi kama ninavyoijua mimi. Mimi nilizaliwa ndani yake. Nilijua Askofu hana kigoda tena. Ningeuliza, angejibu kweli mbele ya watu, na mambo yangeisha pale. Nikaona heri nisiulize. Swali lile ndilo lililokuwa zamu yangu, nami nililimeza. Nitaje mimi."

Nakiru akawatazama mmoja mmoja. "Mlipanga maneno haya garini?" akauliza.

Sheikh akamtazama Mchungaji.

"Nauliza mlipanga garini? Maana mmeyasema vizuri. Huyu goti, huyu fununu, huyu swali. Kila mmoja anasimama mbele ya mwingine. Na wote watatu mmesimama mbele ya huyu." Akamwonyesha Askofu kwa kidevu. "Mmekuja kumlilia Ekai, au mmekuja kumkinga mtu wenu? Hata hapa kwenye kaburi la mume wangu bado mnamwandikia barua."

Sheikh akainamisha kichwa.

Askofu Anselmi akajitokeza, akiegemea fimbo. "Mama Akuwam, wasikilize hawa lakini usiwaamini. Kosa ni langu. Lokeris hakuniuliza, lakini mimi nilikuwa na kinywa. Ningeweza kusema, sina kigoda, tafuteni mwingine. Nikapokea kibuyu."

"Ulikuwa umeshafunga mizigo?"

"Nilikuwa nimeshafunga."

"Masanduku mangapi?"

"Matatu. Yako sebuleni, yana kamba."

"Ukaja kunywa maji yetu huku masanduku yako yana kamba."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kwamba nisipokunywa mimi hatakunywa mtu, na mtarudi mlikotoka. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka kunywa mara ya mwisho. Wao waliniandikia mistari minne, nami nikataka watu wanione nimeshika kibuyu. Kwa ajili hiyo mumeo amekufa. Nitaje mimi."

Nakiru akafungua kinywa kumtaja. Kisha akakifunga, kwa sababu aliona jambo ambalo wale watatu walikuwa hawajaliona, au walikuwa wameliona wakanyamaza.

Akisema "Askofu Anselmi," Askofu hataondoka. Mwenye deni la maji hasafiri. Wa mlimani hawatamruhusu, wa bondeni hawatamruhusu, na ofisi ya wakubwa iandike mistari minne au mia nne, masanduku yatafunguliwa kamba. Kigoda chake kitakuwa langoni pa Nakiru, msimu wote. Atapata kile kile alichotaka, kile kile walichomwombea kwa sahihi na kwa dole gumba, na atakipata kwa damu ya Ekai. Au goti lile litamwangusha kisimani kabla ya mvua, na mjane atakuwa amemwua mzee aliyewapa miaka ishirini na miwili bila makaburi.

Akimtaja Lokeris, mzee wa mlimani atakaa chini ya lango la mwanamke wa bondeni, na wajukuu zake watakuja kumtazama kila siku, wakihesabu siku za aibu ya babu yao. Akimtaja Mchungaji, itakuwa haki kwa zile bunduki, lakini huyo hakumdanganya mtu juu ya kigoda. Akimtaja Sheikh, atakuwa amemwadhibu mtu kwa kumhurumia mzee mwenye goti bovu.

Hasira ikampanda Nakiru. Akasema, "Nyinyi wanne mlimpenda mtu mmoja. Mkampenda mpaka mkasahau kwamba kisima kina watu. Mimi pia nilikuwa na mtu mmoja niliyempenda. Sikuvunja desturi ya mtu kwa ajili yake. Na sasa ndiye aliyekufa, na mnanipa mimi kazi ya kuchagua."

Lomeyan akatoka nyuma ya nyumba, bunduki begani. "Shemeji, jua linashuka."

"Naliona," akasema Nakiru.

Akalishika lango la miiba kwa mikono mitupu, likamchoma, hakujali, akalivuta pembeni. Akataja jina moja. Lomeyan alilisikia, akatema mate chini, akaenda kuificha bunduki. Watatu wakarudi kwa miguu mpaka kwenye gari. Mmoja akabaki.

Hapo Akuwam alinyamaza, na kila aliyemwomba jina lile alimwambia amwulize mama yake.

Askofu Anselmi amekwisha kufa. Mzee Lokeris amekufa, na Sheikh Abdinoor amekufa. Mchungaji Ezra alihama na familia yake, na hatuna habari ya kifo chake. Lomeyan alikufa kwa ugonjwa, si kwa vita. Akuwam yu hai. Nakiru naye yu hai, haoni vizuri, lakini anasikia, na ukimwuliza alimtaja nani atakujibu kwa swali lile lile alilowatupia wanawake wa bondeni asubuhi iliyofuata: Wewe ungekuwa mimi, je, nani alistahili kuchota maji yangu?