Kifaranga Kilichotiwa Rangi

Paukwa!

Pakawa!

Mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Palikuwa na bibi mmoja, Bi Mize, msukaji mikeka. Aliishi na mjukuu wake, Mwatima, mtoto mwema ila kazi ya juani hakuiweza. Na walikuwa na mtetea mmoja mwenye vifaranga vinne.

Nguchiro alikuja kunywa mayai. Bi Mize akazungushia ua miiba. Kenge akaja kwa tundu la ukutani; Bi Mize akaliziba kwa jiwe. Kicheche akaja kwa mlango wa banda. Bi Mize akaufunga kwa kamba. Lakini mwewe hana mlango. Mwewe anatoka juu, na dawa yake ni jicho la mtu.

"Mwatima, kazi yako moja tu. Kaa uani, tazama juu. Ukimwona mwewe, piga kelele: Huyoo! Huyoo!"

Siku moja jua lilikuwa kali. Mwatima alitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Mwewe akatokea, akazunguka. Badala ya kupiga kelele, mtoto akasema:

"We mwewe we! Njoo basi uvichukue vyote, nami nipumzike!"

Kumbe yule hakuwa mwewe. Lilikuwa zimwi, limejigeuza mwewe. Likatua uani, miguu kama michi ya kutwangia, kucha kama mundu.

"Ahsante kwa ruhusa, mwanangu. Vyote nitavichukua, kimoja kila siku. Cha mwisho kikishaingia tumboni, nitakuchukua wewe ukapumzike humohumo."

Likanyakua kifaranga, likaruka, likaimba:

*Kimoja leo, kimoja kesho,*
*vikiisha, mchungaji napumzisha!*

Mwatima akakimbilia ndani, analia, akamweleza bibi yake maneno ya zimwi.

"Ulilijibu nini?" akauliza Bi Mize.

"Sikulijibu, bibi. Nililiita."

"Uliliita! Na mdomo wa kunywea uji, ndio huohuo?" Bi Mize akamfuta kamasi kwa pembe ya kanga. "Basi nyamaza. Ruhusa umeshatoa, siwezi kuifuta. Lakini zimwi limesema kifaranga cha mwisho kwanza, wewe baadaye. Kisipoliwa hicho, nawe huliwi."

Siku ya pili Bi Mize akavifunika vifaranga kwa tenga. Zimwi likaja, likalirusha tenga kama kofia. Likanyakua kimoja.

*Kimoja leo, kimoja kesho,*
*vikiisha, mchungaji napumzisha!*

Siku ya tatu Bi Mize akasimama mwenyewe na ufagio. Akalichapa zimwi, akalichapa, mpaka ufagio ukabaki kijiti. Zimwi likacheka. "Ahsante bibi, mgongo ulikuwa unaniwasha." Likanyakua kimoja.

*Kimoja leo, kimoja kesho,*
*vikiisha, mchungaji napumzisha!*

Kikabaki kimoja.

Bi Mize hakugusa chakula. Alikaa mbele ya vyungu vyake vya kutilia rangi ukili wa kusukia mikeka, kimoja chekundu, kimoja cha zambarau, kimoja cha kijani. Akamtazama mtoto. Akavitazama vyungu.

"Niletee kifaranga."

Akakichovya kwenye rangi nyekundu iliyopoa, akakishika kichwa kisinywe. Kikatoka chekundu mpaka miguu. Mama yake alipokiona akakidonoa akakifukuza. Kikalia *piu, piu*, ndipo akakijua kwa sauti, akakifunika, lakini kwa uso wa mtu aliyeletewa mkwe asiyemtaka.

"Zimwi likiniuliza, bibi, niseme nini?"

"Sema kweli. Zimwi halijawahi kuambiwa kweli, halitaijua."

Basi zimwi likaja.

"Namsikia mama anaita, kwa hiyo cha mwisho kipo. Kiko wapi?"

"Ndicho hicho," akasema Mwatima, akikionyesha kwa kidole.

Zimwi likainama. "Hicho chekundu? Hiyo pilipili imeota miguu! Unataka kuniunguza koo?" Likaondoka na njaa yake.

Kesho yake kifaranga kilikuwa cha zambarau.

"Kiko wapi?"

"Ndicho hicho."

"Hilo biringanya! Mimi nile mboga? Umeniona mgonjwa?" Likaondoka na njaa yake.

Siku iliyofuata kilikuwa cha kijani, kinatembea polepole kwenye majani.

"Kiko wapi?"

"Ndicho hicho."

"Kinyonga! Puu! Puu!" Zimwi likatema mate mara tatu, likaondoka na njaa yake.

Ikawa hivyo wiki hata wiki. Rangi ikipauka, Mwatima anachovya tena. Hakuambiwa na mtu. Asubuhi anakichovya, mchana anakikalia macho, jioni anakibeba kifuani. Mikono yake ikawa na rangi tatu, na masikio pia, sijui kwa nini. Bi Mize akawa anasuka mkeka huku anasema, "Nina wajukuu wawili sasa, na aliye msafi ni yule mwenye manyoya."

Siku moja rangi ikakataa kushika. Manyoya mapya yalikuwa yameota, meupe, marefu, yanateleza maji. Mwatima akachovya mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Wapi! Kikamponyoka, kikarukia juu ya ukuta. Na zimwi hilo linashuka, limekonda, kucha zinalegea.

"Leo sidanganywi! Kifaranga kiko wapi?"

Mwatima akanyoosha kidole juu ya ukuta. "Ndicho hicho."

Na huyo wa ukutani akajinyoosha, akapiga mbawa, akawika: *Kokoikooo!*

"Mwongo mkubwa we!" zimwi likafoka. "Huyo ni jogoo!"

"Umesema mwenyewe," akadakia Bi Mize kutoka mlangoni. "Ni jogoo."

"Na kifaranga changu kimekwenda wapi?"

"Kimekua."

Zimwi likatazama uani, likatazama ukutani. Halikujua kwamba vifaranga hukua. Litajuaje, nalo vyote lilivila kabla havijakua? Kifaranga cha mwisho hakikuliwa, na hakipo tena cha kuliwa. Zamu ya mchungaji haitafika milele. Zimwi likaruka juu, likasinyaa, likasinyaa, likawa mwewe wa kawaida. Mpaka leo linazunguka uani kwa watu, linatafuta kifaranga chake.

Mwatima akaketi chini, kilio kikamtoka. Bi Mize akamvuta mapajani.

"Lia, mama. Lia kiishe. Ila kanga hii nimeifua jana."

Ngano yangu nimeifungia bandani hapo, nanyi mwende mkalale. Ukipewa kiumbe kidogo ukilinde, kilinde mpaka kikue. Ukichoka, sema umechoka, mwenzio akupokee. Usimwite mwewe.