Kamba, Chewa na Mkia wa Mlangoni

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa wapi?

— Chini ya maji!

Maji ya wapi?

— Sema wewe, tusikie!

Basi nasema. Ni maji ya chini ya gati la zamani, mahali pasipo na matumbawe wala rangi. Huko chini ni matope tu, matope meusi, na vitu walivyoangusha watu: chupa, tairi, vifuu vya nazi, kandambili ya mguu mmoja.

Mize, naona umeshafungua mdomo. Unataka kuuliza matope yana nini. Yana wenyewe, mwanangu. Wako wazamiaji wanaobeba mitungi ya hewa mgongoni, wakapita juu ya miamba yenye samaki wa kila rangi bila kugeuka, wakaja kulala kifudifudi juu ya matope haya. Kwa nini? Kwa sababu hapa yuko farasi wa baharini asiyezidi ukucha. Yuko kaa anayejivika takataka mgongoni ili asitambulike. Yuko pweza mdogo anayetembea amekumbatia vifuu viwili. Akiogopa anajifungia ndani, kop!

Na alikuwako Kamba.

Kamba alikuwa mdogo kama kidole cha mwisho cha Mize. Gando lake moja lilikuwa kubwa kuliko jingine, na akilifunga ghafla lililia, ta! Kazi yake ilikuwa kuchimba shimo. Alichimba, akasukuma, akatoa. Matope yakaporomoka. Alichimba, akasukuma, akatoa. Lakini macho yake hayakuona mbali, na mchimbaji asiyeona mbali huliwa mapema. Ndiyo maana aliishi na Doa.

Doa alikuwa samaki mdogo mwenye doa moja jeusi ubavuni. Kuchimba hakujua, alijua kutazama. Alikaa mlangoni mwa shimo, kichwa nje, mkia ndani. Kila Kamba alipotoka na mzigo wa matope, aliweka sharubu lake refu juu ya mkia wa Doa. Mkia ukitulia, salama. Ukitikisika mara moja, ngoja. Mara mbili, ndani! Waliishi hivyo. Hawakuzungumza sana. Hapakuwa na haja.

Kisha Doa akaugua. Mkia ukawa mzito. Asubuhi moja Kamba aliweka sharubu mahali pake pa kila siku, na mkia haukutikisika, wala haukutulia kama unavyotulia mkia wa aliye hai. Mkondo ukamchukua Doa.

Ndani ya shimo, darini, Doa aliacha mayai yake yamening'inia kama ushanga. Mayai hayo hutaka maji yanayopita. Doa alikuwa akiyapepea kwa mkia. Kamba akajaribu kuyapepea kwa magando. Magando hayapepei. Akaenda mlangoni, akaweka sharubu pale mkia ulipokuwa. Patupu. Akarudi ndani, akajaribu tena.

Habari za msiba husafiri. Zikamfikia Chewa, samaki mkubwa mwenye mdomo kama pipa na tumbo lisilojua kutosheka.

"Hodi hapa!"

"Nani?"

"Mjomba wako, Chewa. Pole na msiba, mwanangu."

"Nimeshapoa, mjomba," akajibu Kamba. Moyoni alisema: mama hakuwahi kunitajia kaka mwenye mdomo huo.

"Nimekuja kushika nafasi ya marehemu. Toka nje, uweke sharubu lako juu ya mkia wangu." Na mate yakamtoka Chewa, ila ndani ya maji mate hayaonekani.

Kamba akafikiri. Mlango ni mmoja, na mdomo uko mlangoni. Lakini nyuma ya mdomo pana mkia, tena mkia mpana.

"Mjomba, kazi ya mlango ina desturi zake. Utaziweza?"

"Nitaziweza."

"Mlinzi hutazama nje. Mkia ndio unaokaa mlangoni."

"Utakaa."

"Mlinzi hupepea. Mayai yasipopepewa huoza."

"Mayai?"

"Mia tatu, mjomba. Leo ni maji matupu. Bamvua ijayo, bahari ikijaa sana, yatakuwa na macho, na yamenona. Siku hiyo nitayatoa yote mlangoni, mimi mbele, yaje kumwamkia mlinzi wao."

Chewa akapima: Kamba mmoja leo, au Kamba mmoja na mayai mia tatu bamvua ijayo? Akageuka, akauweka mkia mlangoni, akaanza kazi.

Pwa! Pwa! Pwa!

Maji mapya yakaingia. Kamba akayagusa mayai, akayasikia yakicheza. Kisha akaelekea upande wa pili wa shimo. Alichimba, akasukuma, akatoa. Alichimba, akasukuma, akatoa, hata akatokea chini ya ile kandambili ya mguu mmoja. Sasa maji yakawa yanaingia mbele na kutokea nyuma.

Pweza akapita na vifuu vyake.

"Shikamoo, Bwana Lindo! Umepata kazi?"

"Nenda zako, nitakumeza!"

"Ukinimeza utageuka, na ukigeuka umeacha lindo." Kop! akajifungia.

Siku zikapita. "Mjomba, umechoka?" "Sijachoka. Yamenona?" "Bado kidogo." Pwa! Pwa! Pwa! Akaja mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akinusanusa mayai, Chewa akamfukuza. "Hapa pana mwenyewe!" Akakonda Chewa, tumbo likalegea kama mfuko mtupu. "Umechoka?" "Sijachoka. Yamenona?" "Bado kidogo."

Na kila asubuhi Kamba aliweka sharubu juu ya mkia ule. Ulikuwa mkia wa adui, mpana, wenye magamba. Lakini ulikuwa mkia. Kamba alishangaa kuona asubuhi zimepungua urefu.

Bamvua ikafika, maji yakajaa. Mayai yakawa na macho.

"Pepea kwa nguvu, mjomba! Yamekaribia!"

PWA! PWA! PWA!

Mayai yakapasuka. Watoto wa Doa, wadogo kama punje za chumvi, wakachukuliwa na maji ya Chewa mwenyewe, wakapita shimoni, wakatokea chini ya kandambili, wakasambaa baharini. Kamba alisimama kando ya njia, akahisi kila mmoja akigusa sharubu lake. Hakuhesabu.

Kisha akaokota uzi wa mshipi wa mvuvi uliokatikia matopeni, akaubana kwa kijiwe, akaiacha ncha yake ikiugusa mkia wa Chewa. Naye akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Yamenona?" aliuliza Chewa. Uzi ukamgusa, akadhani ni sharubu la Kamba, akajijibu mwenyewe: "Aa, bado kidogo." Pwa! Pwa! Pwa!

Siku ya tatu Pweza akapita tena. "Bwana Lindo, unamlinda nani?"

Chewa akageuka. Akaona uzi.

"Kambaaa!"

"Labeka, mjomba!" Ta! Gando likamlilia puani kutoka chini ya kandambili. "Watoto wamekuamkia, ila walikuwa na safari."

Chewa akakimbia. Hadi leo utamkuta mlangoni mwa pango, anapepea mapezi. Mwulize anangoja nini, hatakuambia.

Kamba akakaa katika shimo la kandambili. Kila asubuhi alifika mlangoni, akaweka sharubu. Patupu.

"We Kamba," alisema Pweza, "ondoa hilo sharubu. Hapo hapana mtu."

"Najua," alisema Kamba. Akaliacha.

Bamvua ikaja, ikaenda. Nyingine ikaja, ikaenda. Asubuhi moja sharubu likagusa kitu chembamba. Kamba akadhani ni uzi umeletwa na maji. Kitu kikatikisika, mara moja.

Ngoja.

Kamba akangoja. Juu pakapita kivuli kikubwa. Kisha mkia ukatulia, ukatulia kama unavyotulia mkia wa aliye hai.

Kamba akaanza kuchimba.

Mnataka funzo? Funzo la kwanza: msiwe walafi. Lakini Chewa asingekuwa mlafi, mayai yangeoza. Basi kuweni walafi, ila mkae mlangoni mwa jirani mkipepea. Funzo la pili si langu, nimepewa na watu wema wengi waliokuja kukaa nasi matangani: aliyekwenda amekwenda, mahali patupu hapawekwi sharubu. Hilo lishikeni sana.

Mize, funzo halitikisiwi kichwa cha kukataa.

Ngano yangu naiacha matopeni nilikoiokota. Iliyo tamu gawaneni. Iliyo chungu niachieni mimi.