Kapteni Hakupiga Kelele

Wapendwa, leo nawapeleka uwanjani. Naona wengine mmeshaanza kutazamana, maana mnanijua, mimi si mtu wa michezo. Mfano wenyewe nimeutunga, kwa hiyo msitoke hapa mkaanza kuuliza ni mji gani na ni timu ya nani. Nifuateni tu.

Kulikuwa na timu moja ya wanawake waliocheza mpira wa magongo, mchezo ule ambao kila mtu anashika gongo lililopinda nchani, na mpira wenyewe ni mdogo, mgumu kama jiwe. Hawakuwa wasichana wa shule. Walikuwa mama za watu, wenye kazi zao na majiko yao, wakikutana Jumamosi kwenye uwanja wa kuazima. Na mwenye uwanja aliwaambia jambo moja tu mwanzo wa msimu: "Mkishuka daraja, uwanja nawapa wengine." Walimwelewa vizuri. Kushuka daraja maana yake timu imekufa.

Na walikuwa wanashuka. Msimu ulifika katikati wakiwa mkiani, wanafungwa kila wanakokwenda. Aliyeumia kuliko wote alikuwa kapteni. Yeye ndiye aliyeianzisha timu ile akiwa bado hajaolewa. Wenzake wa kwanza waliacha mmoja mmoja, huyu kwa kuhama, huyu kwa uzazi, yeye akabaki. Ikifika Ijumaa jioni chakula kilikuwa hakipiti. Mumewe akimwuliza, anasema ni tumbo. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Yule ambaye kila kitu kimemwegemea, naye hathubutu kuegemea popote?

Halafu mambo yakageuka. Msimu ukielekea mwisho, timu ile ikaacha kufungwa. Ikatoka sare, ikashinda, ikatoka sare, ikashinda tena, hata watu wa ligi wakaanza kuulizana. Ikabaki mechi moja, na katika mechi hiyo sare tu ingetosha kuwaokoa.

Mwenyekiti wa timu hakufurahi kama mnavyodhani. Alipata wasiwasi mpya. Ukiwa unashindwa, angalau sababu unazijua. Ukianza kushinda bila kujua kwa nini, unaogopa kwamba hicho kilichokuja bila kuitwa kitaondoka bila kuaga. Basi akawakusanya baada ya mazoezi, wakaketi kwenye nyasi, akasema, "Dada zangu, niambieni. Tumefanya nini? Tukikijua, Jumamosi tukirudie kilekile."

Kocha akawa wa kwanza. "Ni mbio. Nimewapandisha kile kilima mpaka mkanichukia."

"Hata sasa hatujaacha," mmoja akamjibu, wakacheka.

Mshambuliaji akasema ni magongo mapya. Mwingine akasema ni maombi, mama yake amekuwa akifunga kwa ajili yao kila Ijumaa. Hakuna aliyempinga. Nani atapinga mfungo wa mama wa mtu?

Ikafika zamu ya kipa. Sasa, kipa wa mchezo huu amevaa kofia ngumu yenye vyuma usoni, na miguuni amefungwa vitu vinene kama magodoro. Anaona kidogo, anageuka polepole. Huyo ni mtu anayeishi kwa kuambiwa. Akainua gongo lake akamwelekezea beki wa kushoto. "Sababu ni huyu."

Beki wa kushoto akainama. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mgeni kwenye timu, na tuseme ukweli, ndiye aliyekuwa dhaifu kuliko wote. Wapinzani wote walijua kwamba ukitaka kuingia, pitia kwake.

"Huyu?" mshambuliaji akauliza. "Dada yangu, samahani, lakini si ndiye anayepitwa kila siku?"

"Ndiye," kipa akasema. "Lakini yeye akipitwa anasema."

Wapendwa, hapa inabidi niwaeleze. Katika timu ile, kabla ya huyu mwalimu kuja, mchezaji aliyepitwa alifanya moja kati ya mambo mawili. Alimkimbilia mpinzani kwa nyuma, kimya, kama mtu ambaye bado yuko naye. Au aliinua mkono kwa refa kudai kwamba mpira umemgusa mpinzani mguuni, maana katika mchezo huo mpira ukigusa mguu ni kosa. Refa anaendelea na kazi yake. Wenzake wakitupa macho upande ule wanamwona mtu wao yupo, anakimbia, basi wanatulia. Na kipa? Kipa anakuja kujua kuna jambo wakati mpira uko mbele ya kofia yake.

Ikaja siku moja ya mvua. Mwalimu wa chekechea akapitwa, na kwa hofu aliyokuwa nayo akasahau aibu, akapiga kelele: "Nimepitwa! Jamani, nimepitwa!" Watazamaji waliangua kicheko. Lakini wenzake watatu waliacha nafasi zao wakakimbilia pale, wakaziba. Halikuingia goli.

Wakati wa mapumziko kapteni alimwendea akiwa amekasirika. "Wewe mwalimu, unatutangaza? Unamwambia adui kwamba mlango uko wazi?"

Kipa ndiye aliyejibu, akiwa amevua kofia, jasho linamtoka. "Kapteni, adui anajua. Si ndiye aliyempita? Ambao hatujui ni sisi."

Narudia kwa ajili ya walioketi nyuma. Adui anajua. Yeye ndiye aliyekupita. Ambao hawajui ni wenzako.

Tangu siku ile beki wa kulia naye akaanza kusema. Kisha wale wa katikati. Mtu akipitwa, kelele. Kelele ikisikika, watu wanafika. Wala msidhani waliacha kupitwa. Walipitwa vilevile kama zamani. Walichoacha ni kufungwa.

"Basi," mwenyekiti akasema pale kwenye nyasi, "Jumamosi hakuna kunyamaza. Tumeelewana?"

Wakaitikia wote, na kapteni akaitikia. Lakini katika wote waliokaa pale, yeye peke yake alikuwa hajawahi kupiga kelele ile. Wenzake walidhani ni kwa sababu yeye hapitwi.

Jumamosi ikafika. Mwenye uwanja alikuja mwenyewe akasimama pembeni, mikono nyuma. Wageni walikuwa wepesi, walicheza kwa pasi fupi za haraka, na uwanja mzima ulijaa kelele za wanawake wetu. Nimepitwa huku! Nimepitwa! Watu wanaziba, wanarudi, wanaziba tena. Mwalimu wa chekechea alipitia siku ngumu kuliko zote maishani mwake, akaita mpaka sauti ikakauka. Na bado hakuna goli. Dakika zikawa zinakwenda polepole kama mgonjwa. Mwenyekiti aliacha kutazama, akawa anasikiliza tu.

Karibu na mwisho kabisa, msichana mmoja wa wageni akaja na mpira katikati, uso kwa uso na kapteni. Akaupeleka kushoto, akaurudisha kulia, akapita. Ni hivyo tu. Kapteni akabaki na gongo lake limeshika hewa.

Akafungua mdomo.

Mwalimu wa chekechea hakuwa mbali. Alitupa jicho, akamwona kapteni anakimbia bega kwa bega na yule msichana, ama ndivyo ilivyoonekana kutoka pale aliposimama. Akajiambia, kapteni yuko naye. Akabaki na mtu wake. Kipa akasikiliza ndani ya kofia yake, hakusikia kitu, akajua kuko salama. Na kapteni, akiwa nyuma kwa hatua mbili na pumzi zimemwishia, aliinua mkono kwa refa. Mguu! Mguu!

Refa alitikisa kichwa. Kilichosikika baada ya hapo ni mpira ukigonga ubao wa nyuma ya goli, kishindo kimoja kikavu, na muda si mrefu filimbi ya mwisho.

Hakuna aliyemlaumu. Walikusanya vitu vyao. Mwenye uwanja aliondoka bila kumpa mtu mkono. Mwalimu wa chekechea alichuchumaa mbele ya kapteni, akamwuliza kwa ile sauti iliyokauka, "Kapteni, mbona hukuniita? Nilikuwa palepale."

Kapteni akasema, "Nilidhani nitamfikia kabla hamjajua."

Wapendwa, je, hamjawahi kulisikia neno hilo? Au hamjalisema nyumbani mwenu?

Kuna baba amefukuzwa kazi, na kila asubuhi anavaa, anaaga, anatoka. Anadhani ataifikia kazi nyingine kabla mke hajajua. Kuna mama anayeona damu mahali ambapo hapapaswi kuwa na damu, na anawaambia wanawe ni uchovu. Kuna kijana aliyeacha chuo tangu mwaka jana, na wazazi wake bado wanamwombea mitihani hapa, mbele yetu, kwa sauti. Wote hao wanakimbia. Ukiwatazama kutoka mbali utasema wako sawa.

Halafu sisi tunakutana wapi kuambizana ukweli? Matangani. Ndipo tunaposikia kwamba ndugu yetu aliugua mwaka mzima. Ndipo tunapojua dada yetu alilala kwa jirani mara ngapi kwa kukimbia kipigo. Tunakaa kwenye viti vya kukodi, tunashika kichwa, tunasema, "Angetuambia." Na kweli, tungefika. Tulikuwa palepale.

Lakini tuulizane na hili pia. Yule dhaifu wetu alipopiga kelele, sisi tulisema nini? Yule binti aliyesimama katika kikao cha familia akasema yaliyompata, si tulimwambia anatutangaza? Kama tunawacheka wadogo wanapoita, tusishangae wakubwa wakinyamaza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtu aje hapa mbele achukue kipaza sauti. Wale wanawake hawakuwaambia watazamaji, wala hawakumwambia mwenye uwanja. Waliwaambia wenzao waliovaa jezi moja nao. Kuna tofauti, na ni vizuri tuishike.

Na sasa nasema na ninyi mlioketi safu hizi za mbele. Wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama, ninyi ambao majina yenu yakitajwa sisi tunatulia. Timu ile haikuuawa na beki dhaifu. Beki dhaifu ndiye aliyeifikisha mechi ya mwisho ikiwa hai. Iliuawa na yule ambaye hakuna aliyedhani anahitaji kusaidiwa, na yeye mwenyewe akakubaliana nao.

Naona kuna watu, tangu nianze, wameacha kunitazama na wanatazama viatu vyao. Sitakuja kwenu, wala sitawauliza kitu mlangoni. Ila yule uliyekuja naye leo, ambaye ameketi karibu nawe akiwa ametulia kwa sababu anakuona unakimbia, usimfikishe nyumbani akiwa bado hajui. Njia ya kurudi ni ndefu kiasi cha kutosha. Mshike mkono, mwambie.