Programu Aliyoilalia Kiboko

— Ngano, ngano!
— Ije!
— Ije na nini?
— Ije na mkia!
— Na ikija na meno?
— Tutaikalia mbali!

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza. Ngano hii haina kicheko kingi, na mwenye kutaka kicheko aende kwa jirani.

Hapo kale, si ile kale ya babu zenu, ni kale ya juzijuzi, wanyama walikwishajua kutumia kompyuta. Msiniulize umeme waliupata wapi.

Paliondokea Kasuku mmoja, fundi wa programu. Kasuku huyu aliwaonea mafuko huruma. Mnajua fuko haoni. Ukimwekea kitabu mbele yake, umemwekea jiwe. Kasuku akakaa, akafikiri, akatengeneza programu ya kuwasomea. Ukitia barua, inasoma. Ukitia kitabu, inasoma. Na inasoma kwa Kifuko, lugha ya chini ya ardhi, ambayo mafundi wengine hawakutaka hata kuisikia.

Kasuku akazeeka, akaugua. Alipoona mwisho umekaribia, akaiuza karakana yake kwa Kiboko. Kiboko hakuwa na haja ya programu. Alitaka kiwanja tu, maana kilikuwa ukingoni mwa mto, penye tope laini. Lakini waliuziana karakana na vyote vilivyomo, na programu ilikuwamo. Kasuku akafa. Kiboko akaivunja karakana, kraa, kraa, pu! Akajilaza juu ya kiwanja chake. Programu ikawa yake kwa haki kabisa, wala hakuna aliyebisha.

Sasa, chini ya mkuyu mmoja aliishi Mwalimu Fuko, aliyefundisha watoto wa mafuko kwa programu ile. Siku moja radi ikapiga, kompyuta yake ikaungua. Ndugu zake wakamtafutia nyingine, lakini ilikuwa tupu. Watoto wakaja, wakakaa.

"Mwalimu, leo tunasomewa nini?"

"Leo hatusomewi."

Kesho yake wakaja, wakakaa.

"Mwalimu, leo tunasomewa nini?"

"Leo hatusomewi."

Siku ya tatu walikuja wachache. Mwalimu Fuko akawasikia jinsi walivyo wachache, na moyo ukamuuma.

Juu ya mkuyu uleule aliishi Kindi. Kindi hatupi kitu. Ana kokwa, ana vifuniko, ana betri zilizokufa, na katika makorokoro hayo alikuwa na diski ya programu ya Kasuku, aliyopewa na Kasuku mwenyewe enzi za uhai wake. Akateremka, kwaru, kwaru, kwaru.

"Mwalimu, ninayo. Lete kompyuta yako nikutilie."

"Ni ya nani?"

"Ya Kiboko. Lakini ameshaisahau."

"Ameturuhusu?"

"Hajaturuhusu."

"Basi huo ni wizi, Kindi."

Na nyikani kwao aliyenakili programu ya mwenzake bila ruhusa alikatwa mkia. Kindi akautazama wake, ule mkia mzuri mnajua, akasema, "Mkia ni wangu, Mwalimu. Niachie mimi."

"Mkia ni wako, na watoto ni wangu. Asubuhi niwaambie wasiibe, halafu niwasomeshe kwa kitu cha wizi? Nenda ukamwombe mwenyewe."

Kindi akaenda mtoni. Akaketi juu ya jiwe, akabisha hodi. Maji yakatikisika, bwaaa, Kiboko akatoa pua. Fyuuu.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Sema upesi."

"Ile programu ya Kasuku, unaitumia?"

"Siitumii."

"Unaiuza?"

"Siiuzi."

"Unaitengeneza?"

"Siitengenezi."

"Basi mpe Mwalimu Fuko."

"Changu ni changu," akasema Kiboko, akazama. Chubwi!

Kindi akarudi siku ya pili. Bwaaa. Fyuuu.

"Unaitumia?"

"Siitumii."

"Unaiuza?"

"Siiuzi."

"Unaitengeneza?"

"Siitengenezi."

"Ukimpa Fuko, kwako kutapungua nini?"

Kiboko akafikiri. Alifikiri kweli, nisimsingizie. "Hakutapungua kitu," akasema. "Lakini leo nikimpa Fuko, kesho atakuja Nungu, keshokutwa atakuja Ngiri, na mwisho nyote mtaona changu si changu." Akazama. Chubwi!

Kindi akarudi nyumbani ana hasira. Akamkuta Mwalimu Fuko anatoka shimoni, anaburuta mguu. Mguu ule ulivunjika kabla ya radi, na ulivunjika hivi. Programu ya Kasuku ilikuwa na kasoro moja: haikusoma maandishi mekundu, iliyaruka kama hayapo. Baraza lilipeleka tangazo kwa kila nyumba, na katikati yake, kwa wino mwekundu ili lionekane, palikuwa na onyo kwamba daraja la kijitoni limeoza, mtu asipite. Programu ikasoma salamu, ikaruka onyo, ikasoma wassalamu. Mwalimu Fuko akapita darajani. Kacha! Hakumlaumu mtu.

Kindi akamwuliza, "Mwalimu, huo mguu ulivunjwa na nini?"

"Na daraja."

"Na kabla ya daraja?"

Fuko akaupapasa mguu. "Na programu. Iliruka maneno."

"Na programu ni ya nani?"

"Kindi, mimi sidai mguu."

"Hutadai. Utaeleza yaliyokupata tu, hutasema uongo hata neno moja. Mimi nitauliza maswali, na swali si uongo."

Sasa sikilizeni mila ya nyika ile, maana bila mila hii hamtaelewa mbele. Walisema: mwenye kitu ndiye mwenye madhara yake. Ng'ombe wako akila shamba la mtu, umekula wewe. Na kitu chako kikimvunja mtu mguu, unambeba mgongoni kila aendako, mpaka atembee mwenyewe.

Baraza likaitishwa mtoni, pale penye kivuko, kwa kuwa Kiboko alisema hatoki majini kwa ajili ya kesi ya panya. Kwake kila mdogo ni panya. Mwamuzi alikuwa Korongo, amesimama kwa mguu mmoja, hacheki wala hanuni.

Kindi akaanza kwa adabu. "Bwana Kiboko, kabla hatujaingia kwenye shauri, wako watu wanaonong'ona kwamba programu ya Kasuku haina mwenyewe."

"Nani hao?" Kiboko akatoa kichwa chote. "Ni yangu."

"Yote?"

"Yote."

"Hata herufi ya mwisho?"

"Hata herufi ya mwisho. Mwenye kusema si yangu aje hapa majini aniambie."

Hakuna aliyekwenda majini. Kindi akamgeukia Korongo. "Mwamuzi, umesikia."

Hapo Mwalimu Fuko akasogea, akaeleza. Hakupandisha sauti. Alieleza lile tangazo, alieleza lile daraja, alieleza alivyolala kijitoni akiyasikia maji yanapita karibu na masikio yake, asijue ukingo uko upande gani. Alipomaliza, watu walikuwa wakitazama chini.

Korongo akasema, "Bwana Kiboko, mguu umevunjwa na kitu chako. Toka majini umbebe."

Kiboko akacheka. "Huyu? Huyu ni wa kuweka sikioni nikamsahau."

"Basi mweke," akasema Kindi. "Ila ngoja. Yuko peke yake?"

Ardhi ikaanza kututumka. Pu! Akatoka fuko wa kwanza. "Mimi nilikunywa dawa ya kupaka. Onyo lilikuwa jekundu." Pu! Akatoka wa pili. "Mimi niliingia kwenye mtego. Kibao kilikuwa chekundu." Pu! Pu! Pu! Kila mmoja na jeraha lake, hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyekuwa amemlaumu Kasuku hata siku moja. Walikuwa wanamshukuru. Wakajipanga ukingoni, wanasubiri kubebwa.

Kiboko akawatazama. Akatazama jua, nalo lilikuwa kali. Mnajua ngozi ya kiboko juani, inapasuka kama tope la kiangazi. Akaona maisha yake yote yaliyobaki yatapita nchi kavu, mafuko mgongoni, huku shuleni, kule sokoni.

"Ile... ile programu si yangu hasa," akasema. "Mimi nilinunua kiwanja."

"Umesema hata herufi ya mwisho," akasema Korongo.

"Nilisema kwa hasira. Sijaifungua hata siku moja. Nilishaitupa."

"Umeitupa?"

"Nimeitupa."

"Nakuuliza tena, umeitupa?"

"Nimeitupa, nimeitupa, nani anataka kitu kinachovunja watu miguu?"

Kindi akataka kuruka kwa furaha. Alikuwa ameshafika nusu ya kuruka, Korongo akanyanyua bawa.

"Bado. Kitu kikitupwa ni cha atakayekiokota, lakini madhara yake hayatupwi. Lazima yawe na mwenyewe. Kama hayana, programu itazikwa na kila nakala itavunjwa, ili isimwumize mwingine. Hiyo nayo ni mila."

Kindi hakuwa amelifikiria hilo. Mjanja, mjanja, na mila ya kwao hakuimaliza kuisoma! Mkia ukalala chini. Diski alikuwa nayo kwapani, akaibana, na kwa mara ya kwanza katika ngano hii hakuwa na neno.

"Nani atayabeba?" akauliza Korongo.

Nungu akatazama miiba yake. Ngiri akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Wote waliotaka programu itolewe bure walikuwapo pale, na wote walinyamaza.

Mwalimu Fuko akasema, "Nitayabeba mimi."

"Unajua unachosema?"

"Najua. Huu mguu wangu nausamehe. Na hawa, kama watakubali, ninawaomba msamaha kwa niaba ya kitu hiki. Atakayeumia kesho aje kwangu."

Mafuko wakakubali. Korongo akateremsha bawa lake. "Basi ni yako."

Kiboko aliposikia "ni yako", roho ikamshtuka. Ndivyo roho ya mchoyo ilivyo, haioni utamu wa kitu mpaka kiwe cha mwingine. "Ngojeni," akasema. "Kama mnaigombania hivi, basi ina thamani. Nimebadilisha. Ni yangu."

"Vizuri," akasema Korongo. "Toka majini, ubebe."

Chubwi! Hakuonekana tena siku ile.

Mwalimu Fuko akaichukua programu, na neno lake la kwanza akiwa mwenyewe lilikuwa, "Kindi, nakili. Mpe kila anayeitaka." Kindi akanakili, akagawa shimo kwa shimo. Akaifungua, akatafuta pale Kasuku alipokosea, akaitengeneza ikasoma nyekundu kama inavyosoma nyeusi. Watoto wakarudi.

Wapiga vigelegele pigeni sasa, lakini mimi sijamaliza.

Programu ni kazi ya mkono, na kazi ya mkono haikosi kasoro nyingine. Masika yalipofika, akaja fuko mzee kutoka mbali, shingo imepinda. Programu ilikuwa imemsomea kulia badala ya kushoto, akaporomoka bondeni. Hakuja kugomba. Alisema tu, "Nimeambiwa mwenyewe ni wewe."

"Ni mimi," akasema Mwalimu Fuko. Akachuchumaa, akampandisha mgongoni.

Mguu wake haukupona sawasawa. Alikwenda hatua moja, akapumua. Akaenda nyingine, akapumua. Alikuwa anakwenda shuleni, amembeba mtu mzito kuliko yeye, na watoto walimsikia tangu mbali, buru, buru, buru.

Kindi akateremka mkuyuni. "Mwalimu, nipe nimbebe mimi."

"Hapana."

"Mguu wako mbovu."

"Ni mbovu. Lakini siku ile mwamuzi aliuliza, na wewe ulinyamaza. Uligawa, na kugawa kulikuwa kuzuri. Ila hukusema ni yako."

Kindi alisimama pale. Aliona aibu, na ilikuwa aibu ya haki. Angeweza kurudi juu, mila isingemgusa, na kokwa zilikuwa tele. Mwalimu Fuko akaenda hatua nyingine, akapumua.

"Na yangu," akasema Kindi.

Akaingia chini ya ule mzigo upande wa mguu mbovu, wakaenda pamoja.

Ngano imefika kwao, nami nimefika kwangu. Ikiwa nzuri, mpeni na mwingine, kwangu haitapungua. Ikiwa mbaya, niachieni hapahapa, nitailalia.

Ah, mnataka funzo. Haya, funzo ni hili: wanangu, msiguse kitu cha mtu, hata kama amekitupa, amekisahau na kukilalia. Kaeni kwa adabu ukingoni, msubiri atoe pua, awape mwenyewe kwa hiari yake. Watoto wa mafuko wangesubiri hivyo, wangekuwa na adabu nzuri sana, na wasingesomewa hata jina la aliyewanyima.